Mbwa Aliyesaga Unga Kifuani

Sisi watu wa huku tuna namna yetu ya kuchagua mbwa. Unaenda kwa mtu ambaye mbwa wake amezaa, unamshika kila mtoto kwa ngozi ya shingo, unamwinua juu, unangoja. Anayelia kama amechomwa ni mwoga, mrudishe kwa mama yake. Anayenyamaza akikutazama tu, huyo ndiye. Atakuwa mkali, na wezi wa ndizi watatafuta njia nyingine.

Wangu nilienda kumchagua Kianjai, kwa binamu ya mama yangu. Kusema nilienda ni kujisifu. Nilipelekwa. Mimi ni mtu wa nyumbani. Kuna watu hapa Kanyakine wamefika Mombasa wakarudi na picha, halafu kuna mimi, ambaye nikienda Nkubu kununua dawa ya kupe mama huuliza kama nimebeba sweta. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani nipumzike kidogo kabla ya kutafuta kazi, na mpaka leo napumzika. Ndani ya mapumziko hayo nimepanda ndizi, nimekamua ng'ombe, nimemzika baba na nimeota mvi. Jirani yangu mwenye pikapu, anayetubebea ndizi zetu kwenda sokoni, husema siku ya kiyama malaika itabidi waje hadi mlangoni kwangu, kwa sababu mimi kutoka sitatoka.

Watoto wa mbwa walikuwa wamelala juu ya gunia nyuma ya jiko. Nikawainua mmoja mmoja. Walilia wote, hata dume kubwa ambalo binamu alikuwa amelisifu tangu tukiwa langoni. Akabaki jike mmoja mdogo, mwekundu kama udongo wetu. Nilipomwinua hakutoa sauti. Alining'inia tu, akanitazama kwa subira, kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze. Na nilipompitishia mkono wa pili kifuani ili asianguke, nikahisi mtetemo. Chini ya mbavu, upande wa kushoto karibu na kwapa, kifua chake kilikuwa kinanguruma bila kupumzika, kama kinu cha kusagia mahindi ukisimama nje ukaweka kiganja ukutani.

"Huyu ananguruma ndani kwa ndani," nikamwambia binamu.

Naye akaweka mkono, akatikisa kichwa kama mtu anayeonja mchuzi. "Ukali huanzia ndani," akasema.

Basi tukawa wataalamu wawili.

Nilimleta nyumbani nimempakata, na furaha yangu ilikuwa ya mtu aliyeshinda mnada. Kila mgeni aliyekuja kwetu nilimshika mkono nikamwekea kifuani mwa mbwa kabla hata hajapewa chai. "Sikia kinu," nilisema. Wengine walisema ni maajabu. Jirani alisema mbwa amemeza simu. Mama alimpa jina ambalo sitaliandika hapa, kwa sababu alimpa jina la mtu, na mtu huyo bado tunapakana naye.

Ila mbwa mwenyewe hakuwa na haraka ya kuwa mkali. Alikuwa akitoka na mimi asubuhi kwenda zizini, na kabla hatujafika nusu ya njia anakaa chini. Si kulala, kukaa, kama mtu aliyekumbuka jambo. Halafu anakohoa. Kikohozi chake kilikuwa cha mzee aliyevuta tumbaku miaka mingi, kimetoka kwenye kifua kidogo kama kibuyu cha maziwa. Binamu alipiga simu kusema wale waliolia sasa wana ukubwa wa mbuzi. Wangu bado aliingia kwenye ndoo.

"Ulichagua wa kufanana na wewe," mama alisema. "Anapumzika kabla ya kutafuta kazi."

Tulikuwa tukibishana kuhusu mwenyewe ni nani. Akinya ndani alikuwa mbwa wangu. Akilala juu ya miguu ya mama jioni, mama akisikiliza redio, alikuwa mbwa wa nyumba. Hakuna kati yetu aliyesema kwamba tangu baba aondoke, hicho kitu kidogo ndicho cha kwanza kilichotufanya tuite jina kwa sauti pale uani.

Siku daktari wa ng'ombe alipokuja kumpandisha ng'ombe wetu mbegu, nilingoja amalize na kunawa, nikamwita aje aone kinu. Aliweka mkono kifuani mwa mbwa akiwa bado anacheka hadithi yangu, na kicheko kikaishia hapo. Akatoa vyombo vyake vya kusikilizia. Akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akarudi kushoto, akafumba macho.

"Nani mwingine amemshika huyu?"

"Kijiji kizima."

"Na hakuna aliyekwambia ni ugonjwa?"

Nikamwambia ya Kianjai, nikamwambia ya ukali unaoanzia ndani. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanieleza kwa sauti ambayo nadhani huitumia kwa wenye ng'ombe waliokwisha kufa.

"Mtoto akiwa tumboni hapumui," alisema. "Mapafu yake bado hayana kazi. Kwa hivyo karibu na moyo kuna kamfereji kafupi kanakounganisha mishipa miwili mikubwa, damu ipite kando isisumbue mapafu. Akizaliwa akavuta pumzi, kamfereji hako hujifunga kenyewe. Kamfereji ka huyu hakakujifunga. Kako wazi mpaka leo."

"Sasa damu inakwenda wapi?"

"Wewe uko kwenye mradi wa maji?"

"Niko."

"Na huko juu kwenu kuna mtu anayefungulia mpira wake wa maji siku isiyo zamu yake?"

Nilicheka kwa sababu yupo, kila mtu anamjua, na Jumapili ndiye hupitisha kikapu cha sadaka.

"Basi ni hivyo," akasema. "Moyo unasukuma maji yafike mwili mzima, lakini mengi yanarudi kwa huyo mtu wenu. Shamba lake ni mapafu, na shamba limefurika. Moyo ukiona huku chini hakufiki kitu unaongeza bidii. Unapanuka, unachoka. Huo mngurumo unaowaonyesha wageni ni maji ya wizi yakipita."

Nikauliza swali ambalo lilikuwa limeanza kuniwasha. "Na pale nilipomwinua? Wenzake walilia, yeye akanyamaza."

Aliniangalia, hajui kama anaruhusiwa kucheka. "Ndugu yangu, hakuwa na pumzi ya kulia."

Mama alikuwa amesimama karibu na ndoo ya maziwa, anajifanya hasikii. "Akiachwa hivyo?" akauliza.

"Wengi wao hawafikishi mwaka, mama. Kuna dawa ya kukausha mapafu, itamsaidia kwa muda. Lakini kuponya ni kisu. Mtu afungue kifua, akafunge hako kamfereji kwa uzi."

"Uzi?"

"Uzi, mama."

"Huu wa kushonea?"

"Wa hariri."

"Mbwa wa Kanyakine na uzi wa hariri," mama alisema, akaingia ndani na maziwa yake. Lakini jioni hiyo hakuwasha redio.

Kuanzia hapo sikupata kutulia. Mimi, ambaye hata foleni ya maziwa huniita mtulivu. Daktari alitupeleka Meru mjini kwa mwenzake mwenye mashine ya kupiga picha za ndani, wakamlaza mbwa kwa ubavu, wakamnyoa kipande cha kifua, wakampaka mafuta baridi. Kwenye kioo niliona kitu cheusi kinapigapiga, na ndani yake rangi nyekundu na buluu zikikimbizana. Pale ambapo zilitakiwa kwenda njia moja, kulikuwa na cheche za rangi zote zikirudi nyuma, kama moto wa mtu anayechomelea geti. Walipima upana wa kamfereji, wakapima moyo, wakazungumza Kiingereza cha haraka. Mwisho daktari wetu akaniambia kwamba moyo umepanuka lakini haujakata tamaa, hakuna kasoro nyingine waliyoiona, na damu bado inapita upande ambao upasuaji unaweza kusaidia. Kuna wanaochelewa, alisema, mpaka mapafu yanakuwa magumu na damu inageuza njia, na hapo hata huyo wa kisu hakubali kugusa.

Mwenye kisu alikuwa mwanamke wa Nairobi aliyekuwa akija Embu mara chache kufanya kazi kwenye kliniki ya mwenzake waliyesoma naye. Angekuja mwezi uliofuata. Baada ya hapo hakujua angerudi lini.

Kungoja huko ndiko kulikonimaliza. Dawa ya kukausha mapafu hukausha kwa kukojoza, na mbwa alikojoa kila mahali ambapo mama alikuwa amepiga deki. Daktari alikuwa ameniambia nihesabu pumzi zake akiwa amelala. Zikizidi nimpigie simu. Nikawa nakaa kando ya gunia mchana, macho kwenye ubavu wake, nahesabu. Katikati ng'ombe analia, napoteza hesabu, naanza upya. Nikiona zimezidi naenda kutembea mpaka kwenye ndizi, nikifika kwenye ndizi naona nimemwacha peke yake, narudi. Njia ile ya kutoka mlangoni hadi migombani nyasi zake ziliisha.

"Kaa chini," mama alisema. "Unamchosha mbwa kwa kumtazama."

"Simtazami, nahesabu."

"Hesabu ulipata ngapi mtihani wa kidato cha nne?"

Nikaanza kuhesabu upya.

Jirani alikubali kutupeleka Embu na pikapu yake, kwa sababu alikuwa na ndizi za kupeleka huko, na kwa sababu, alivyosema, hakutaka kukosa kuniona nikivuka mpaka wa kaunti. Maagizo ya daktari mwanamke yalikuja kwa simu: asile chochote tangu jioni ya kuamkia siku hiyo. Maji kidogo, chakula hapana. Nikamwambia mama. Akasema amesikia.

Tulitoka kukiwa kunapambazuka. Mbwa alikaa mapajani mwangu, amefungwa kwenye leso ya mama, kichwa nje. Jirani alizungumza mpaka Chogoria, akazungumza mpaka Chuka, akanyamaza tu kwenye zile kona za kuteremkia daraja la Nithi, ambako hata yeye huheshimu. Mimi nilimshika mbwa kifua njia nzima. Kinu kilisaga. Nilishangaa kwamba kitu nilichojivunia mbele ya wageni sasa nakichukia hivyo, na bado siwezi kutoa mkono.

Kliniki ilikuwa nyumba ya kawaida yenye uwanja na miti ya mikima kando ya ua, na wagonjwa wengine wawili watatu wakiwa kwenye kamba. Daktari wa upasuaji alikuwa mdogo kwangu kwa umri, kwa mwili pia, amevaa viatu vya mpira. Aliweka mkono kifuani mwa mbwa wangu, akatikisa kichwa taratibu.

"Huyu hata vyombo havihitaji," alisema. "Mzee, hajala, sivyo?"

Sikupenda hilo neno mzee, lakini nikajibu kwa heshima. "Hajala kabisa, daktari."

Na mbwa, ambaye amenisikiliza siku zote za maisha yake, akainama akatapika juu ya viatu vyake vya mpira. Ilikuwa kitu cheupe, kizito, chenye vipande.

Daktari alitazama viatu. Akanitazama mimi. Nikatoka nje kupiga simu.

"Mama, ulimpa nini?"

"Nani?"

"Mbwa, mama."

"Mmefika salama?"

"Mama!"

"Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

"Uji. Na maziwa ya kuupoza." Nikamsikia akisogeza sufuria. "Na kiazi."

"Nilikwambia asile!"

"Uliniambia anakwenda safari." Sauti yake ilibadilika. "Na mambo yenyewe ni ya kwenda kupasuliwa. Hakuna mtu ametoka kwangu kwenda mbali na tumbo tupu. Hata babako siku ile ya hospitali alikunywa uji. Wewe ulitaka aondoke hivi hivi?"

Nilitaka kukasirika lakini sikupata pa kushika. Ni kweli, kwetu hakuna anayeondoka bila kutia kitu mdomoni. Hata wanaokuja kudai deni huondoka wameshiba. Mama alikuwa amesikia maneno ya daktari kama nilivyoyasikia, akayapima na mila yake, akaona daktari bado ni mtoto.

Nilirudi ndani nikasema ukweli, mpaka kiazi. Daktari hakucheka. Alieleza kwamba mbwa akilazwa kwa nusukaputi na tumbo limejaa, chakula kinaweza kupanda kikaingia kwenye mapafu, na mapafu haya tayari yana maji. "Siwezi," alisema. "Nitangoja tumbo litulie. Nitaanza na hawa wengine. Lakini jioni lazima niwe njiani kurudi Nairobi. Ikifika alasiri naona bado, tutangoja safari nyingine."

"Safari nyingine ni lini?"

"Sijui," alisema. Wote wawili tulitazama ubavu wa mbwa, unavyopanda na kushuka, unavyopanda na kushuka.

Jirani alikwenda sokoni kuuza ndizi zake, mimi nikabaki uwanjani. Nilizunguka ile mikima mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nilikaa. Nilisimama. Nilimweka mbwa kivulini, nikaona kivuli kina baridi, nikamweka juani, akaanza kuhema, nikamrudisha kivulini. Jua la Embu lina joto kuliko letu, na nilikuwa nimevaa sweta, bila shaka. Mbwa wa mtu mwingine aliingizwa akatolewa. Paka akaingizwa. Kila mlango ulipofunguliwa nilisimama wima kama niliyeitwa kuapishwa.

Mama alipiga simu. "Bado?"

"Bado."

"Kiazi kilikuwa kidogo," alisema. "Nusu. Mwambie daktari kilikuwa nusu."

Baadaye akapiga tena. Safari hii hakusema kitu juu ya kiazi. Aliuliza, "Anakohoa?" nikasema kidogo, na tukakaa kwenye simu tumenyamaza, ng'ombe wetu akilia huko nyuma yake, mpaka salio lake likaisha kwa kupumua tu. Hakuna kati yetu aliyekata kwanza.

Alasiri ikaingia. Daktari alitoka, akapiga magoti kwenye nyasi, akamsikiliza mbwa, akambonyeza tumbo pole pole kama anayechagua parachichi. Akatazama jua. Akapiga simu Nairobi, akamwambia mtu wa upande ule asimngoje kula. Halafu akasema, "Mleteni."

Mlango wa chumba cha upasuaji ulikuwa na kioo kidogo juu. Mimi nilikuwa nimeapa sitachungulia. Nilichungulia. Niliona wamemlaza ubavu wa kulia, amefunikwa nguo ya kijani mpaka amebaki mraba mdogo wa ngozi iliyonyolewa. Nikaondoka. Nikarudi. Nikaondoka tena, nikafika kwenye mkima, nikarudi.

Sauti ya daktari ikapita mlangoni. "Mwenye mbwa! Jua liko nyuma yako, kivuli chako kinapita mezani kwangu kama popo. Uingie au uende. Chagua!"

Kuchagua si kazi yangu nzuri, nadhani mbwa mwenyewe ni ushahidi. Lakini niliingia. Walinivika barakoa na kofia, wakanikalisha kwenye stuli ya kona, wakaniambia mikono iwe chini ya makwapa na isitoke huko.

Msaidizi alikuwa amesimama kichwani mwa mbwa akifinya mfuko mweusi. Finya, achia. Finya, achia. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kifua kikifunguliwa mapafu hayawezi kujivutia hewa, na kwamba pumzi zile nilizozihesabu kando ya gunia sasa zilikuwa mkononi mwa mtu. Nikajikuta navuta pumzi naye. Akifinya navuta. Daktari alikuwa ameingia kati ya mbavu mbili, ametenga nyama kwa chuma, amelisogeza pafu kando kwa kitambaa chenye maji. Sikuona moyo wote. Niliona kitu kinaruka chini ya vidole vyake, kikubwa kuliko nilivyodhani mbwa wa kwenye ndoo anaweza kubeba.

"Kako hapa," alisema, si kwangu. "Kanene."

Kisha akainama zaidi. Alikuwa anapitisha chuma kilichopinda nyuma ya kamfereji, mahali ambapo jicho halifiki, anatafuta njia kwa kuhisi tu. Baadaye aliniambia hapo ndipo wengi hufia. Ukuta wake ni mwembamba, ukiutoboa damu inajaa kabla hujasema neno. Mimi wakati huo sikujua. Nilijua tu kwamba msaidizi, ambaye alikuwa akifinya mfuko huku anaimba chini chini, ameacha kuimba.

Uzi ulipita. Ukapita wa pili. Daktari akaanza kukaza fundo la kwanza, taratibu sana, kama mtu anayefunga mdomo wa gunia lililojaa kupita kiasi. Na mashine iliyokuwa ikilia pip, pip, pip, ikaanza kuchelewa. Pip. Pip. Kisha kimya kirefu. Pip.

"Unapungua!" nilisema. Nilikuwa nimesimama. Mikono ilikuwa imetoka makwapani. "Daktari, moyo unapungua!"

"Keti."

"Lakini unapungua!"

"Unatakiwa upungue. Umefungiwa mlango uliokuwa ukiukimbiza. Keti, mzee, usije ukaniangukia nikashona wawili."

Nikaketi. Mashine ilijipanga, ikapata mwendo mpya. Alikaza fundo la pili. Halafu akaweka ncha ya kidole ndani ya kifua, akangoja, akatazama juu kwa mara ya kwanza. Macho yake juu ya barakoa yalikuwa mekundu kwa uchovu.

Walipomaliza kushona walimlaza kwenye blanketi chini, karibu na dirisha, na mrija wa kutoa hewa na maji ukiwa bado ubavuni. Mashine wakaitoa, kwa sababu ilikuwa ya kuazima na mwenyewe alikuwa nje anaingoja. Daktari akaenda kunawa. Mimi nilichuchumaa kando ya mbwa, na mkono ukaenda wenyewe pale ulipozoea, chini ya kwapa la kushoto.

Hakukuwa na kitu.

Nikasogeza kiganja. Nikabonyeza. Palikuwa pametulia kama ukuta wa kinu siku ya Jumapili. Nikapiga kelele ambayo, kwa maelezo ya jirani aliyekuwa anaingia getini, ilisikika barabarani.

"Amekufa! Daktari, amekufa!"

Daktari alikuja anakimbia, mikono imejaa sabuni. Akapiga magoti, akanisukuma kwa bega. Alimwangalia mbwa. Mbwa alikuwa anapumua. Ulimi wake, mwekundu kama embe bivu, ulikuwa nje, na ubavu ukipanda na kushuka bila haraka. Daktari alikaa chini kwenye sakafu, mgongo ukutani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko.

"Mzee," alisema alipoweza, "ule mngurumo ndio niliokuja kuutoa."

Alichukua mkono wangu, na sabuni yake yote, akauweka vizuri, akanigandamiza vidole. "Acha kutafuta kinu. Sikiliza kidogo kidogo."

Nikasikiliza. Kulikuwa na moyo. Unagonga, unanyamaza, unagonga. Pigo na pigo, kama wa mtu yeyote.

Nilipiga simu nyumbani. Mama alipokea kabla haijalia vizuri. Nikamwambia amenusurika. Nikasikia anaiweka simu juu ya meza bila kuikata, na mbali kidogo, viatu vyake vikitoka nje, na sauti yake ikimwambia ng'ombe jambo ambalo sikulisikia.

Mbwa alilala kliniki, na mimi pia, kwenye benchi, mara yangu ya kwanza kulala nje ya nyumba yetu tangu bweni la sekondari. Sikupapenda.

Maagizo ya kurudi nayo yalikuwa haya: asikimbie, asirukeruke, asipande ngazi, mpaka ndani pashikane. Mbwa mgonjwa ungemwambia hivyo angekubali. Lakini huyu alikuwa amepata damu yake yote kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, na hakujua aifanyie nini. Alitafuna kamba. Alitafuna kiatu cha mama, kisha cha pili ili visidaiane. Alinenepa mbele ya macho yetu. Tulimfunga kwenye nguzo ya jikoni, tukambeba kwenda nje na kurudi kama bibi harusi. Mimi na mama tulipokezana kukaa naye, tukichoka kuliko wakati ule wa kukojoza, na tukigombana ni nani aliyemwachia kamba ndefu.

Daktari wa ng'ombe alimsikiliza mara ya mwisho akiwa amekaa tena juu ya ndoo yetu. Akasema moyo umeanza kurudi kwenye kiasi chake. Akasema, "Mfungueni."

Mama akasema tungoje kesho. Mimi nikasema leo. Nikapiga goti nikafungua fundo.

Mbwa alisimama kidogo, hajaamini. Kisha akaondoka. Hakuondoka kwa kutembea. Alipita kati ya miguu ya daktari, akapita chini ya kamba ya nguo, akaingia migombani, akatokea upande wa pili kwenye majani chai ya jirani, anaonekana mgongo, haonekani, anaonekana. Kuku walitawanyika mashamba matatu. "Mrudishe!" mama alikuwa akipiga kelele. "Atapasuka! Mrudishe!"

Nikamfuata. Sikumbuki mara ya mwisho nilipokimbia, na magoti yangu pia hayakukumbuka. Niliteremka mpaka mtoni nikishikilia miti, pumzi zimeisha, kifua kinapiga kama cha mtu aliyeiba, nikimwita kwa lile jina, na mwenye jina hilo akaniitikia kwa hasira kutoka shambani kwake.

Mbwa alikuwa amesimama katikati ya maji, yanamfika tumboni. Alikunywa, akainua kichwa, akanitazama. Nikanyoosha mkono. Akatikisa maji mwilini, akavuka, akaanza kupanda ule mlima wa ng'ambo, ambao mimi sijaupanda tangu nikiwa shule ya msingi.

Kule juu mama alikuwa bado anaita, sasa akituita wote wawili, mimi na mbwa.

Nikakaa juu ya jiwe nikavua viatu, nivuke.